Kitabu Kimoja Hakitoshi: Jinsi ya Kupanga Kazi ya Nakala za Akiba

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Lodwar

Wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi mliotoka mbali tangu alfajiri, Kakuma, Kalobeyei na Kalokol, poleni na safari. Kutoka Kakuma mpaka hapa ni kilomita kama 120, na tunajua wengine mmeketi juu ya magunia njia nzima. Asanteni kwa kuja.

Tulipotangaza mazungumzo haya, mama mmoja alituuliza: "Nakala za akiba ndiyo nini tena? Sisi tulifikiri mtatuambia habari ya mbuzi." Haya basi, mama, tuanze na mbuzi.

Mfugaji wa hapa Turkana mwenye akili haweki mifugo yake yote mahali pamoja. Ngamia wako upande mmoja, ng'ombe wamepelekwa kwenye nyasi za milimani, mbuzi wachache wamebaki karibu na boma kwa ajili ya maziwa ya watoto. Wengine amewapa marafiki zake, huyu mmoja, yule wawili. Ugonjwa ukiingia kundi moja, au wavamizi wakija usiku, atalia, lakini hatamalizika. Kesho atakwenda kwa rafiki na kusema, nimekuja kwa sababu ya yale yaliyonipata.

Babu zetu walijua jambo hili bila kwenda chuo. Sasa tunawauliza: mbona kitabu cha kikundi, chenye pesa za watu thelathini, kinalala chini ya kitanda cha katibu peke yake? Na vijana wenye kompyuta, mbona kila kitu kiko ndani ya sanduku moja juu ya meza moja? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: na daftari bila nakala hupotea vilevile.

YALIYOTUPATA

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kakuma kilikuwa na kitabu kizuri sana. Hisa zimeandikwa, mikopo imeandikwa, faini zimeandikwa. Mwaka mmoja mvua zikanyesha kwa nguvu, laga ya Tarach ikajaa, maji yakaingia nyumba ya katibu usiku. Watoto waliokolewa, kitabu hakikuokolewa. Asubuhi karatasi zilikuwa uji.

Nini kilifuata? Mkutano wa kwanza kila mtu alisema ana hisa nyingi na deni kidogo. Tusiwalaumu, binadamu husahau upande unaomuuma. Lakini mama mmoja mzee, asiyejua kusoma, alikaa kimya, kwa sababu yeye alitegemea kitabu kimsemee. Kikundi kiliokolewa na vijitabu vidogo vya wanachama, vile vinavyopigwa muhuri kila mtu anapoleta hisa. Kumi na nane walikuwa navyo. Wengine walikuwa wamevipoteza, na yule mama alikuwa mmoja wao. Alipewa makadirio. Akayakubali mbele ya watu, lakini mwezi uliofuata hakurudi tena.

Sisi pia tusijifanye wajanja. Tulipokuwa chuoni tukisomea diploma ya kazi ya jamii, tulifundishwa kuandika ripoti na kuzipanga kwenye faili. Hakuna aliyetufundisha namna ya kuzirudisha zikipotea. Katika ofisi moja tuliyofanya kazi tulikuwa na orodha ya watoto wanaosaidiwa karo, yote kwenye kompyuta. Kila Ijumaa kijana wetu alichomeka flashi, akavuta orodha mpaka kwenye flashi, akaifungua kuhakikisha, ikafunguka vizuri. Miezi minane alifanya hivyo bila kukosa. Siku kompyuta ilipokufa kwa joto na vumbi tukachukua flashi kwenda nayo kwenye kompyuta nyingine. Hakuna kitu. Alichokuwa akinakili ni ile alama ya njia ya mkato tu, ambayo huonyesha faili liko wapi. Kwenye kompyuta ileile ilifunguka kwa sababu faili lilikuwa humohumo.

Tulitembea boma kwa boma kuandika orodha upya. Wasichana wawili majina yao yalichelewa, wakakosa karo ya muhula ule. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, wala si la kijana. Hatukuwahi kumwambia ajaribu flashi ile kwenye mashine nyingine.

MASHINE NDANI YA MASHINE

Sasa tuzungumze na vijana wa kompyuta, na wazee msilale, maana mtaona ni habari ya boma tu.

Zamani kompyuta moja ilifanya kazi moja. Siku hizi kompyuta moja yenye nguvu, ile inayoitwa seva, inaweza kubeba ndani yake kompyuta kadhaa zisizo na mwili. Wataalamu huziita mashine pepe. Fikirini boma moja lenye nyumba tatu: ua ni mmoja, mlango mkubwa ni mmoja, lakini kila nyumba ina mama wake na moto wake. Mashine ya kwanza inaweka hesabu za fedha, ya pili inaweka majina na kumbukumbu za wanachama, ya tatu ni ya mafunzo, wanafunzi wanaichezea na kuiharibu wanavyotaka. Moja ikiugua, nyingine zinaendelea.

Faida yake ni kwamba kila mashine pepe, pamoja na programu zake zote, ni mafaili tu. Unaweza kuinakili nzima na kuiamsha kwenye seva nyingine. Hatari yake nayo ni hiyohiyo ya boma: ua ukiungua, nyumba zote tatu zimekwenda. Kwa hiyo mwenye mashine pepe anahitaji nakala za akiba kuliko yeyote.

Nakala hizi huchukuliwa na programu kwa utaratibu unaoitwa kazi. Kila kazi ni kama zamu ya kuchunga: nani anachungwa, saa ngapi, anapelekwa wapi, na nani anahesabu wakirudi. Makosa mengi hutoka kwenye kupanga kazi hizi vibaya.

MAMBO SITA YA KUAMUA

Kabla ya kugusa programu, kikundi kikae chini na kuandika majibu ya maswali haya sita.

1. Kitu gani kikipotea tutaumia? Panga kwa uzito. Hesabu na majina ya watu ni vya kwanza. Mashine ya mafunzo inaweza kusubiri.

2. Tunaweza kuvumilia kupoteza kazi ya siku ngapi? Ukinakili kila siku, utapoteza siku moja. Ukinakili kila mwezi, utapoteza mwezi.

3. Saa gani inafaa?

4. Nakala inakwenda wapi?

5. Tunaweka nakala za zamani mpaka lini?

6. Nani anaangalia kama kazi imefanyika, na nani anamwangalia huyo?

Tuongeze neno juu ya swali la tatu. Vitabu vya kompyuta husema nakili usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa miji ambayo stima haiulizwi. Kwetu, wanaotumia sola, usiku ndio wakati betri imechoka, na kazi ikikatika katikati unabaki na nusu ya nakala ambayo ni sawa na bure. Mwenye sola anakili mchana jua likiwa kali. Mwenye jenereta anakili jenereta inapowaka kwa kazi nyingine. Usione haya kwenda kinyume cha kitabu pale ambapo jua la Lodwar linajua zaidi.

Lakini kunakili mchana kuna sharti lake. Mweka hazina akiwa bado anaandika, nakala inaweza kushika nusu ya sentensi. Basi chagua saa ya chakula, au tumia programu inayojua kuisimamisha mashine kidogo mpaka mambo yatulie ndipo inakili.

TUPIGE HESABU

Tuseme mashine ya hesabu ina ukubwa wa GB 40, ya majina GB 60, ya mafunzo GB 200. Kijana mwenye haraka ataweka kazi moja: nakili zote, kila siku, nzima. Hiyo ni GB 300 kwa siku, GB 2100 kwa wiki. Diski itajaa kabla ya wiki kwisha, kazi itasimama kimya, na ninyi mtaendelea kuamini mko salama.

Afadhali kazi tatu. Ya kwanza, hesabu, saa tano asubuhi. Ya pili, majina, saa saba mchana, ili zisigombanie diski. Hizi mbili zinachukua nakala kamili mara moja kwa wiki, jumla GB 100, na siku sita zilizobaki zinachukua mabadiliko tu. Kama mabadiliko ya mbili hizo ni GB 3 kwa siku, hiyo ni GB 18. Wiki nzima ni GB 118. Wiki nne ni GB 472. Kazi ya tatu, mafunzo, mara moja kwa mwezi, GB 200. Jumla ni GB 672, na diski ya GB 1000 inatosha na kubakiza nafasi.

Angalieni jambo moja. Nakala za mabadiliko ni kama mnyororo: ya Alhamisi inategemea ya Jumatano, ya Jumatano inategemea ya Jumanne, mpaka ile kamili. Pete moja ikikatika, zinazoifuata hazina kazi. Ndiyo sababu tunaanza upya na nakala kamili kila wiki, wala hatuburuti mnyororo mmoja mwaka mzima.

Na kwa nini tuweke wiki nne, si ya jana tu? Kwa sababu kosa haligunduliwi siku lilipofanyika. Mtu akifuta jina la mwanachama kimakosa Jumatatu, na nakala ya Jumanne ikafunika ile ya zamani, sasa umelihifadhi kosa lenyewe. Vilevile kuna virusi wanaofunga mafaili yako na kudai pesa. Wakiikuta diski ya akiba imechomekwa, nayo wataifunga. Kwa hiyo nakala moja lazima ichomolewe na kuwekwa kando.

VINAVYOFANANA NA NAKALA

Programu za mashine pepe zina kitu kizuri kinachokamata hali ya mashine kwa dakika ile, ili ukiharibu uweze kurudi nyuma. Vijana wengi huona hiyo ni akiba. Hapana. Hali ile imelala kwenye diski ileile. Ni sawa na katibu kuandika nakala ya hesabu nyuma ya ukurasa uleule. Ukurasa ukiliwa na mbuzi, zote mbili zimeliwa.

Hata diski mbili zinazoandika pamoja ndani ya seva moja si akiba. Zinasaidia diski moja ikifa. Mwizi akibeba seva, amebeba zote.

TATU, MBILI, MOJA

Kanuni rahisi, ambayo mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza, ni hii: uwe na nakala tatu, juu ya vitu vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Tatu, ukihesabu na ile ya kazi ya kila siku. Aina mbili, kwa mfano diski na intaneti, au kompyuta na karatasi. Na mahali pengine ni pengine kweli, siyo chumba cha pili.

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua huko Strasbourg, Ufaransa. Hiyo ni kampuni kubwa ya kutunza seva za watu. Wateja wengi walipoteza kazi yao kabisa, na baadhi yao walikuwa na nakala, ila nakala zilikuwa pale pale palipoungua. Kama tajiri wa Ulaya anaweza kukosea hivyo, sisi wa mto Kawalase na laga ya Tarach tuwe macho mara mbili.

Kwetu mpango ni rahisi. Kikundi cha Lodwar na kikundi cha Kakuma wawe marafiki wa diski, kama wafugaji walivyo marafiki wa mifugo. Kila mwisho wa mwezi nakala kamili inaingizwa kwenye diski ndogo, inafungwa kwa neno la siri, inatiwa ndani ya mfuko usioingiza vumbi, na mtu anayesafiri anaipeleka. Anarudi na diski ya wenzetu. Mafuriko ya Kakuma hayafiki Lodwar usiku huohuo.

Mfano mwingine mnaujua. Ukipoteza simu sokoni Kakuma, pesa yako ya M-Pesa haipotei. Unafufua laini na salio lako liko pale. Ni kwa sababu daftari haliko ndani ya simu, liko kwenye seva za kampuni, ambazo mwaka 2015 zilihamishiwa Kenya kutoka Ujerumani. Simu ni mlango tu. Kikundi chenu nacho kijiulize: katibu wetu ni mlango, au yeye ndiye daftari lenyewe?

JARIBU KURUDISHA

Hapa ndipo tulipoanguka sisi, na wakubwa walianguka vilevile. Tarehe 31 Januari 2017 mfanyakazi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za watengeneza programu wa dunia nzima, alifuta kwa bahati mbaya data kwenye mashine isiyostahili. Walikuwa na njia tano za kuweka akiba. Walipozigeukia, hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala moja iliyochukuliwa saa kama 6 kabla kwa shughuli nyingine, na kazi ya saa hizo ikapotea. Tunawasifu kwa jambo moja: walisema ukweli wote hadharani ili wengine wajifunze.

Basi mara moja kila baada ya miezi mitatu, chukua nakala, nenda kwenye kompyuta nyingine, iamshe mashine, fungua kitabu cha hesabu, na mweka hazina asome salio la mwanachama mmoja kwa sauti. Likilingana na kitabu chake kidogo, pigeni makofi. Lisipolingana, mshukuru kwamba mmejua leo. Nakala ambayo haijarudishwa hata mara moja ni matumaini tu.

SIRI ZA WATU

Nakala nyingi ni milango mingi, na kila mlango unahitaji kufuli. Majina ya wanachama, namba za kitambulisho, habari za ugonjwa, habari za mkimbizi alikotoka, si vitu vya kuachwa kwenye flashi inayozunguka kwenye vibanda vya saiba. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inagusa hata ofisi ndogo. Neno la siri lijulikane na watu wawili, na liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, iwekwe kwa mtu wa tatu. Tumeona diski nzima ambayo haikufunguka tena kwa sababu aliyejua neno la siri alipata kazi Nairobi na kubadilisha namba.

Ndugu zetu wakimbizi wanalijua jambo hili kuliko sisi. Tangu kambi ya Kakuma ilipoanzishwa mwaka 1992, watu wamefika pale wakiwa wameacha nyuma vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Waulizeni maana ya kusema "mimi nilisoma" bila karatasi ya kukusemea. Ukitunza rekodi ya mtu, umetunza sehemu ya mtu huyo.

KAMA HAMNA KOMPYUTA

Mengi tuliyosema hayahitaji stima. Kikundi chenye daftari tu kifanye hivi:

Mwisho wa kila mkutano, ukurasa wa siku upigwe picha kwa simu mbili za watu wa nyumba tofauti. Hiyo ni nakala ya mabadiliko.

Mwisho wa mwezi, hisa na deni la kila mmoja vinakiliwa kwenye daftari la pili, viongozi watatu watie sahihi. Hiyo ni nakala kamili. Daftari hilo likae kwenye sanduku la chuma mahali pengine, parokiani au kwa mzee mnayemwamini, mbali na mchwa na maji.

Kila mwanachama awe na kijitabu chake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya wote, kila mwezi, mpaka akariri. Kichwa chake nacho ni nakala.

Cheti cha usajili wa kikundi na katiba vipigwe nakala pia. Siku hizi vikundi vyetu vinasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na karatasi hizo mtaulizwa mara nyingi.

NENO LA MWISHO

Wapendwa, akiba haiozi, lakini akiba isiyoangaliwa huoza bila harufu. Msiondoke hapa mkisema vijana watashughulikia. Kijana atabonyeza, lakini kuamua nini kihifadhiwe na nani aulizwe ni kazi ya kikundi kizima.

Yule mama wa Kakuma tulimtembelea baadaye. Hakutuuliza habari ya pesa. Alituuliza tu, "Na sasa mnaandika mara ngapi?" Tukamwambia mara mbili. Akasema, vizuri. Kurudi hakurudi, lakini ametuma binti yake ajiunge, na kijitabu cha binti anakiweka yeye.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Nyumba ya katibu wetu ikiungua usiku wa leo, kesho tutajua nini, na hatutajua nini?

2. Ni nani kati yetu atakayeumia zaidi, na kwa nini?

3. Rafiki yetu wa nakala atakuwa kikundi gani, katika mji gani?

4. Tutajaribu kurudisha lini? Andikeni tarehe na jina la atakayesimamia kabla ya kuondoka.